Mti Una Pembe na Mkia

Nilianza kupenda ndege wakati mbaya. Mwaka wa themanini na nne, watu wa kwetu upande wa Nuu, Ukambani, walikuwa wanaangalia juu kutafuta wingu, na mimi nilikuwa naangalia juu kutafuta ndege. Ukituona kwa mbali ungedhani tunafanya kazi moja, shingo zimepinda, midomo wazi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa naona kitu.

Shule nilikuwa nimeiachia fomu tuu, kidato cha pili. Nikisema niliiacha najipamba tu, shule ndiyo iliniacha. Karo ilikosekana, mwalimu mkuu akanionyesha geti, nikarudi nyumbani na Kiingereza nusu na hesabu isiyofika hata hapo. Darubini yangu nayo ilikuwa nusu. Mgeni mmoja aliiangusha juu ya mawe kule kilimani, kioo cha kushoto kikapasuka, akamwachia Anko, na Anko akanipa mimi. Nilikuwa nafunga jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Watoto wa kijiji wakiniona wanainua mikono juu: "Usitupige, afande! Tutasema ukweli!"

Anko hakuwa mjomba wangu kabisa kabisa. Alitoka ukoo wa mama, na kwetu mtu wa ukoo wa mama akishazoea kukalia kiti chenu bila kukaribishwa, huyo ni anko. Alikuwa mtu mfupi, miguu imepinda kidogo, na koti la mvua ambalo alilivaa mwaka mzima, hata mwaka ule ambao mvua ilikataa. Kazi yake ilikuwa kuonyesha watu ndege. Wageni walikuwa wakitoka Nairobi na magari madogo yamejaa vumbi, wanauliza sokoni, wanaelekezwa kwake, naye anawapandisha kilimani asubuhi na mapema.

Watu walimcheka sana. "Anaonyesha ndege? Kwani hao wageni hawana macho?"

"Wanayo," Anko alikuwa akijibu. "Hawajui tu pa kuyaweka."

Na hapo ndipo ufundi wake ulikuwa. Kuona ndege si kazi. Kazi ni kumfanya mtu mwingine amwone, na huyo ndege hajakaa kungoja. Unasema "pale kwa mti," na huko mbele ni miti tupu. Unasema "tawi la kulia," na kulia kwako si kulia kwake. Unanyosha kidole, ndege anaona kidole kabla ya mgeni kuona ndege, anaenda zake. Anko hakunyosha kidole hata siku moja. Kwake yeye kila mti ulikuwa ng'ombe.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu mimi nilichukua muda kuelewa. Kila mti ni ng'ombe dume amesimama, na kichwa chake kinaangalia kilima siku zote. Mahali popote ulipo, tafuta kilima, ujue pembe ziko upande huo. Baada ya hapo ni safari tu: "Anza kwa pembe. Shuka shingoni. Panda nundu. Pita mgongo polepole. Simama kiunoni. Shuka mbavu ya mwisho. Hapo." Na mtu yeyote aliyekulia Ukambani, aliyewahi kutoa kupe kwa ng'ombe, anafika hapo hata akiwa na jicho moja. Jicho langu lilikuwa linafika.

Wageni ndio walikuwa wanasumbuka mwanzoni. Mama mmoja wa kofia kubwa aliambiwa ndege yuko kwa mkia, akageuka nyuma akatafuta ng'ombe kichakani mpaka akachomwa na miiba. Hao wagumu Anko alikuwa na dawa yao. Anasimama nyuma yako, anashika kichwa chako kwa masikio yote mawili, na anakizungusha taratibu kama mtu anayetafuta stesheni kwa redio. Akifika anaacha. Wewe fungua macho tu. Ndege huyo hapo.

Jina hakukupa mpaka umwone. Ukiuliza, "Anko, huyo ni gani?" anasema, "Kwanza uone. Jina haliruki."

Kanisani kwetu walimsema kwa sababu hiyo hiyo. Mchungaji akiomba mvua, watu wote wamefumba macho, Anko ameyafungua anafuata shomoro juu ya boriti. Mzee wa kanisa akamshtaki. Anko akamuuliza, "Na wewe ulinionaje?"

Basi huyo ndiye mtu niliyemfuata kila mahali, na huo ndio mwaka ambao wageni waliacha kuja. Vumbi lilikuwa limefika magotini, kilima kimebaki mifupa. Njaa ile wazee waliipa jina kwa Kikamba, Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa huku nimeshika. Unashika pesa mkononi, unafika dukani, rafu ziko tupu, unarudi na pesa yako ukiwa na njaa vile vile. Sisi kwetu tulikuwa na nafuu. Hatukuwa tumeshika kitu.

Baba alikuwa mji wa Salama, kule kwa barabara kubwa, anabeba magunia ya watu na kulala nyuma ya hoteli. Neno alilotuma lilikuwa moja tu, na kila mtu aliyepita kutoka huko alilileta vile vile: msiuze ng'ombe.

Ng'ombe walikuwa maksai wawili. Mmoja mwekundu, mmoja wa mabaka. Hao ndio walikuwa plau yetu. Mvua ya kwetu si ya kuzoeana nayo. Ikinyesha, mwenye maksai analima na kupanda kabla udongo haujakauka. Mwenye jembe la mkono akiinua kichwa kupangusa jasho, mvua imeshaenda kutembelea watu wengine. Kwa hivyo hesabu yetu hata mimi wa fomu tuu niliielewa. Maksai wakifa, hata mvua ikija, njaa inabaki.

Kila asubuhi kulikuwa na kazi ya kuinua. Ng'ombe wa kiangazi akilala hawezi kusimama mwenyewe. Usipomwinua jua likimpata hapo, amekwisha. Kwa hivyo wanaume walikuwa wakizunguka boma kwa boma, wanapitisha mti chini ya tumbo, wengine wanashika pembe, mmoja anashika mkia, halafu wanaimba kidogo na kunyanyua. Ng'ombe anasimama anatetemeka, mnamshika mbavuni mpaka akumbuke miguu ni ya nini. Halafu mnaenda kwa jirani. Mimi nilikuwa napewa mkia, mahali pa wasomi. Hakuna malipo, leo wakiinua wako, kesho unainua wao. Lakini ilifika wakati wanaokuja ni wachache, na wale waliokuja walikuwa wanashikilia ng'ombe ili wao wenyewe wasianguke.

Halafu tumbusi, wale ndege wa mizoga, wakaja. Aibu yangu ni kwamba nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kuona tumbusi wengi hivyo karibu, na nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na darubini yangu ya jicho moja, natafuta tofauti zao, wakati mama alipita na mtungi mtupu. Akasimama. Akaangalia tumbusi, akaniangalia mimi.

"Umeona wangapi?" akauliza.

"Wengi, mwaitu."

"Na hao wakikuangalia hapo ulipokaa, unafikiri wanasema nini?"

Nikaweka darubini chini.

Mtungi ulikuwa mtupu kwa sababu visima vya mchanga mtoni vilikuwa vimekauka. Tulikuwa tumechimba mpaka mtu akiwa ndani haonekani, anatoa mchanga kwa karai, na chini kabisa badala ya maji tukapata mwamba. Watu tuligawana maji kidogo yaliyoletwa na punda kutoka mbali. Maksai hawakugawiwa. Mwekundu alianza kulamba ukuta wa jikoni.

Mimi ndiye nilikuja na wazo la firigogo. Hao ndege walikuwa wakipita juu ya nyumba yetu kila asubuhi jua likishapanda, wanaruka kwa kasi, wanaita, wanaelekea upande mmoja. Nilijua wanaenda kunywa. Nikamwendea Anko na kifua mbele. "Anko, tufuate firigogo. Yule anajua maji."

Anko alikuwa amekaa mlangoni kwake anashona kiatu. "Anajua sana," akasema. "Firigogo anaenda kunywa kule mto mkubwa, na chai ya saa nne anainywa hapa. Ana mabawa. Ng'ombe yako iko na mabawa?"

"Haina."

"Hata miguu sina uhakika."

Lakini aliweka kiatu chini. Akaniambia kitu ambacho alikuwa amekiweka moyoni siku kadhaa. Wale ndege wadogo wa buluu wanaokula mbegu lazima wanywe kila siku, na hawaendi mbali. Upande wetu wa mto walikuwa wamenyamaza kabisa. Lakini nyuma ya kilima, upande wa barabara ya malori, alikuwa bado anawasikia. "Wachache," akasema. "Lakini wanaimba. Ndege wa mbegu mwenye kiu haimbi. Kuna maji huko, mahali."

"Mahali gani?"

"Ningejua ningekuwa nashona kiatu?"

Mama alikubali kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kukubali. Alimfungua mwekundu mwenyewe, akampapasa uso, akampa Anko kamba. Mimi akanipa yule wa mabaka na maneno.

"Ukirudi bila hawa," akaniambia, "uje umevaa nira wewe mwenyewe."

"Na upande ule mwingine utavalisha nani, mwaitu?"

"Huyu mwenye koti la mvua."

Alicheka, na mimi nikacheka, na Anko akacheka. Lakini macho ya mama hayakucheka, na tulipofika kwa mkwaju nikageuka, alikuwa bado amesimama mahali tulipomwacha.

Tulitembea asubuhi yote kama maandamano ya mazishi ambayo marehemu wamekataa kubebwa. Anko alikuwa anasimama kila mara, anainua kichwa, anasikiliza. Aliwasikia wale wa buluu mara moja, halafu akawapoteza. Alishika mavi ya njiwa chini ya mgunga akayasaga kwa vidole kutafuta unyevu. "Kavu," akasema, akapangusa mkono kwa koti. Mbele kidogo akashika mengine. Kavu. Nilitaka kufanya mzaha juu ya kazi hiyo ya kusalimiana na mavi, mdomo ukawa mkavu kuliko hayo mavi yenyewe.

Mwekundu alianguka mara ya kwanza jua likiwa juu ya vichwa. Tulikata mti, tukaupitisha tumboni, Anko kwa pembe na mimi kwa mti na mkia kwa pamoja, nikijifanya wanaume wanne. Alisimama. Tulimshika mbavuni, nikasikia moyo wake ukipiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Tukaendelea. Alianguka tena karibu na barabara ya malori, mahali ambapo kuna karavati ya kupitisha maji ya mvua chini ya barabara. Wakati huo tulijaribu, tukajaribu, na yeye alikuwa mzito kuliko mara ya kwanza.

Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshikilia mkia bado. Nilikuwa nafikiria mama na ile nira.

"Simama," Anko akasema.

"Anko, niache."

"Simama wewe! Angalia!"

Akanishika masikio.

"Mti gani?" nikauliza.

"Hakuna mti. Ni karavati. Fikiria ni ng'ombe amelala. Kwa mdomo. Hapo kwa mdomo, anaingia na kutoka."

Nikaona. Mbayuwayu wawili walikuwa wanajenga chini ya karavati, wanaingia, wanatoka. Nilimwambia nimeona mbayuwayu. "Si mbayuwayu," Anko akasema. "Ona mdomo wake amebeba nini."

Alikuwa amebeba tope. Tope bichi, jeusi, linang'aa.

Sijawahi kuona mtu mzima akiruka hivyo, koti la mvua linapiga mapaja. "Tope!" alikuwa anasema. "Wiki ngapi hujaona tope? Huyu hawezi kulibeba mbali, litakauka mdomoni. Maji yako hapa. Yako hapa karibu!" Alimwinamia mwekundu, akamwambia kwa Kikamba avumilie kidogo tu, kana kwamba ni mgonjwa na daktari ameonekana kona ya mwisho.

Tulimwacha amelala kwa kivuli cha karavati, tukamchukua yule wa mabaka, tukafuata mbayuwayu kando ya barabara. Wanaenda, wanarudi juu ya vichwa vyetu. Kila akirudi ana tope. Nilikuwa nakimbia. Nilikuwa nacheka peke yangu. Tukapita kona, na hapo tukaona wanakotua.

Lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara. Lilikuwa la kubeba mahindi ya msaada, yale ya njano, lakini lilikuwa limeshashusha mzigo linarudi tupu. Rejeta yake ilikuwa imepasuka. Maji yake yalikuwa yamemwagika chini, yakafanya tope la ukubwa wa kitanda cha mtoto, na tope lenyewe lilikuwa linakaukia pembeni. Mbayuwayu walikuwa wanatua hapo, wanachota, wanaenda. Hakuna maji mengine. Ilikuwa ni hiyo tu.

Anko alisimama. Mikono yake ilikuwa imening'inia ndani ya koti.

Chini ya lori kulikuwa na dereva amelala kivulini, mtu mrefu wa upande wa kaskazini, kofia yake nyeupe imefunika macho. Akaisukuma juu kwa kidole kimoja.

"Warya," akatuita kwa Kisomali, "mmekuja kunisaidia au kuniomba?"

"Kuomba," nikasema.

"Vizuri. Nilikuwa nimechoka kuomba peke yangu."

Alitutazama, halafu akatazama ng'ombe wa mabaka, halafu hakutania tena. Alisema tanboi wake, kijana wa kumsaidia lorini, alikuwa ameenda kutafuta maji ya rejeta tangu asubuhi, hajui atarudi lini. Yeye alikuwa amebaki na maji kidogo chini ya mtungi, ya kunywa na ya udhu. Alitoka chini ya lori, akatafuta karai lake, akamimina. Alibakisha ya kulowesha koo tu.

"Na swala?" Anko akamuuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mungu ametupa mchanga mwingi mwaka huu," dereva akasema. "Leo natawadha nao. Imeruhusiwa."

Basi nikashika karai. Maji hayakufika hata katikati, na ng'ombe walikuwa wawili, mmoja amesimama, mmoja amelala. Nikamuuliza Anko, "Nimpe nani?"

"Ng'ombe ni wa mama yako," akasema polepole.

Mimi ambaye nilikuwa na mzaha wa kila kitu sikuwa na mzaha wa hiyo. Ukimpa anayesimama, yule wa chini amekufa. Ukimpa wa chini, labda hatasimama, na huyu naye atalala. Ukigawa, umewaua wote wawili kwa usawa. Nikaanza kutembea na karai kuelekea karavati. Sikuwa nimeamua, miguu ilikuwa inaenda tu. Anko alikuwa nyuma yangu na kamba, na yule wa mabaka akasikia harufu. Alimvuta Anko kama mtoto. Tulikuwa tumefika mbele ya mwekundu, nimeinama kuweka karai chini, wakati wa mabaka aliingiza mdomo kutoka pembeni, akanywa. Nilisukuma uso wake. Nilimpiga. Ng'ombe mwenye kiu humsukumi. Alikunywa mpaka karai likalia kwa ulimi.

Mwekundu alikuwa amesikia maji. Alijaribu kuinuka. Alifika magotini, miguu ya mbele imekunjwa kama mtu wa kanisa, akabaki hivyo anatutazama, halafu akarudi chini.

Dereva alikuwa ametufuata. Alichuchumaa, akaweka mkono shingoni mwa mwekundu, akakaa hivyo. "Kijana," akaniambia, "huyu akifa mwenyewe ni mzoga, hakuna wa kumla, si wewe si mimi. Na mmechoka, na kuna watu kwenu. Niambie nimchinje."

Nikaangalia Anko. Anko alikuwa anaangalia mbayuwayu.

"Mchinje," nikasema. Nikamgeuza kichwa kuelekea kibla kama dereva alivyotaka, nikashika pembe. Bismillahi yake aliisema taratibu, na kisu chake kilikuwa kikali, namshukuru kwa hilo. Damu ilikuwa kidogo. Sijui huyo ng'ombe alikuwa anaishije nayo.

Watu walitoka msituni. Sijui waliitwa na nani, barabara ilikuwa haina mtu. Akina mama na masufuria, wazee na visu vya kuazimana. Hakuna aliyeuliza ng'ombe ni wa nani kwa sauti ya kudai, waliuliza kwa sauti ya pole. Walipata nyama, dereva akapata yake, na sisi tukafunga yetu kwa gunia. Ilikuwa nyama ya mishipa, nyekundu kavu, hata mafuta ya kulainisha kidole haikuwa nayo.

Kilichobaki kiliachiwa tumbusi. Walianza kushuka wakati watu bado hawajamaliza kuondoka. Sisi tulikaa ng'ambo ya barabara na yule wa mabaka, kwa sababu hatukuwa na nguvu ya kwenda. Halafu nikamwona Anko anainua kidevu, kazi ilikuwa imemshika bila yeye kujua.

"Yule mkubwa kichwa chekundu ndiye hufungua ngozi," akasema chinichini. "Wengine wanamngoja. Ona, yuko kwa nundu, anashuka…"

Akanyamaza katikati. Hapakuwa na mti. Hiyo ilikuwa nundu yenyewe.

Alivua koti, akajifunika uso. Nilimwacha. Baadaye nikamwambia, "Anko, bila mbayuwayu tusingepata hata karai."

"Mbayuwayu hakusema maji," akajibu ndani ya koti. "Alisema tope. Maji niliyasema mimi."

Tanboi alirudi jua likianza kulegea, na mitungi ya maji juu ya punda wa watu, mwenye punda akifuata nyuma. Alikuwa ameyatoa kwa kisima cha bomba cha misheni, mbele zaidi kwa barabara hiyo. Huko kulikuwa na foleni ya watu na mifugo, lakini maji yalikuwa yanatoka. Na kando ya bomba, mwenye punda alituambia, kuna vindege vya buluu vinasumbua watu miguuni, vinakunywa yanayomwagika. Anko alitikisa kichwa tu. Alikuwa amewasikia kweli. Tulikuwa tumekosea kona moja.

Dereva aliziba ufa wa rejeta kwa sabuni, akaijaza, akampa wa mabaka karai lingine bila kuombwa, akaenda zake akipiga honi mpaka akapotea. Mimi nilipeleka ng'ombe misheni, nikakaa naye huko kwa foleni, nikimlisha majani ya kuokota na kulala kwa tumbo lake. Anko alirudi kwetu na gunia la nyama na kamba mkononi isiyo na kitu. Mama aliniambia baadaye kwamba alisimama mlangoni hakutaka kuingia. Alimwambia, "Mimi ndiye nilimpeleka mwekundu." Mama akapokea gunia, akamwambia aingie ale, na asipoingia, mama atamwaga hiyo nyama nje mbele yake. Akaingia.

Mvua ilikuja mwisho wa mwaka, kwa ghafla, kama mgeni ambaye mmeshazima moto wake. Nilikuwa nimemrudisha wa mabaka. Asubuhi ya kwanza mama alitoa plau, akatoa nira, akaiweka uwanjani. Upande mmoja alisimama wa mabaka. Upande mwingine ulikuwa hewa.

Nikaenda nikaingiza shingo yangu mwenyewe ndani ya nira. Nilitaka mama acheke. Hakucheka. Udongo ulikuwa unanukia mvua, majirani walikuwa wanapiga mbinja kwa ng'ombe wao, na kila dakika jua lilikuwa linapanda juu ya shamba letu.

Ndipo Anko akaja anavuta ng'ombe wake jike, wa pekee. Huyo ndiye aliyekuwa anatoa kikombe cha maziwa cha watoto wake. Kwetu ng'ombe wa maziwa kuvaa nira ni kama mama mkwe kucheza mpira. Hata jirani aliacha plau yake akasimama kuangalia.

"Anko," nikasema, "bibi yako anajua?"

"Anajua. Amenifukuza na mwiko mpaka kwa mto."

"Maziwa yatakauka."

"Toa shingo yako hapo," akasema. "Unazuia ng'ombe."

Walikuwa hawalingani hata kidogo. Wa mabaka alikuwa mrefu, jike alikuwa mfupi na hajui kitu, anavuta kando, anasimama, anaangalia nyuma kama anauliza hii ni nini. Mtaro wetu ulienda kama mtu ametoka pombeni. Anko alitembea mbele akiwavuta, mimi nilishika plau, mama nyuma anadondosha mtama, na hakuna aliyejua kama mvua hiyo itanyesha tena. Tulikuwa tunapanda mbegu ambayo tungeweza kuila.

Katikati ya shamba nikasikia mabawa. Mabawa makubwa, mengi, yanashuka. Shingo yangu ikaanza kugeuka yenyewe, na plau ikaruka nje ya mtaro.

"Angalia mtaro!" Anko akapiga kelele bila kugeuka.

"Anko, kuna kitu kimeshuka—"

"Najua kimeshuka. Lima."

Nikalima. Nilikuwa naangalia udongo, na matako ya ng'ombe wawili wasiolingana, na mgongo wa lile koti. Tulifika mwisho wa shamba. Aligeuza ng'ombe, akawasimamisha wapumue. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Mikono yake yote ilikuwa imeshika kamba, kwa hivyo hakuweza kushika masikio yangu.

"Sasa," akasema. "Anza kwa pembe. Nundu. Mgongo, polepole. Pita mkia. Endelea."

Nikapita mkia. Korongo weusi wenye matumbo meupe walikuwa wamejaa mtaro wetu wote uliopinda, wanatembea nyuma ya mama wanaokota wadudu, na mama anawatishia kwa kibuyu cha mbegu.

"Hao ni gani, Anko?"

"Umeona?"

"Nimeona."

Lakini alikuwa ameshavuta kamba, jike amekubali kupiga hatua, na jina sikupewa mpaka jioni.